Nzi wa Ndizi Mbivu na Kosa Tunalolifundisha Darasani

Niliporudi nyumbani kutoka ng'ambo na shahada yangu ya uzamivu, mjomba wangu aliniuliza swali moja mbele ya jamaa waliokuja kunilaki. "Mpwa wangu, miaka yote hiyo uliyokaa Ulaya, umesomea nini hasa?" Nikamjibu kwamba nimesomea nzi, hasa namna kiinitete cha nzi kinavyojijenga ndani ya yai. Mjomba akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa upole: "Kwani hapa nzi hatuna?"

Watu walicheka sana, nami nilicheka pamoja nao ingawa nilifadhaika kidogo. Tangu siku ile nimelifikiria swali hilo mara nyingi, na kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kuwa mjomba alisema jambo zito kuliko alivyokusudia. Nzi tunao. Tena nzi huyu ninayemzungumzia, yule mdogo wa rangi ya manjano iliyofifia na macho mekundu, azungukaye juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, asili yake ni Afrika. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster. Mwaka 2018 wataalamu walieleza walivyomkuta porini huko Matobo, nchini Zimbabwe, akiishi kwa kutegemea matunda ya mng'ongo. Alitoka Afrika akamfuata binadamu dunia nzima, na leo tunamsoma katika vitabu kama kwamba ni mgeni aliyeletwa na Wazungu pamoja na hadubini zao.

Kabla sijaendelea, yafaa niondoe utata mmoja. Maofisa wa kilimo wasemapo "nzi wa matunda", kwa kawaida humaanisha nzi mwingine kabisa, yule mkubwa atoboaye maembe na mapera yangali mtini. Mmoja wa aina hizo, aitwaye Bactrocera dorsalis, alionekana nchini Kenya mwaka 2003 na tangu hapo amewatia wakulima hasara kubwa katika nchi nyingi za Afrika. Huyo ni adui. Huyu wangu hula hamira iotayo juu ya matunda yanayochacha, wala hamdhuru mkulima. Nimewahi kumsikia mwalimu akiwaeleza wanafunzi habari za Drosophila huku akiwaonyesha picha ya Bactrocera, na sikumlaumu, kwa maana jina letu la Kiswahili ni moja.

Sasa niseme dai langu waziwazi. Somo la urithi, kama tunavyolifundisha katika shule zetu za sekondari, lina kosa kubwa ndani yake. Si kosa la tarakimu bali ni kosa la picha. Tunampa mwanafunzi mbaazi za Mendel, ndefu na fupi, nyororo na zenye makunyanzi; tunamfundisha kuchora mraba na kugawa herufi; tunampongeza apatapo uwiano wa 3 kwa 1. Hayo yote ni kweli. Lakini mwanafunzi huyo huondoka darasani akiamini kuwa kila jeni ina sifa yake moja inayoimiliki, kama mtu anavyomiliki shamba: jeni ya urefu, jeni ya macho, jeni ya akili. Akisha kuamini hivyo, hana njia ya kuelewa mwili unavyojengwa. Na baya zaidi, yu tayari kumwamini mtu yeyote atakayemwambia kwamba ulevi, uvivu au umaskini wa watu fulani umo katika damu yao. Dawa ya kosa hilo naiona katika yai la nzi.

Yai hilo lina urefu wa nusu milimita tu. Likitagwa mahali penye joto la nyuzi 25, buu hutoka ndani yake baada ya siku moja, na siku kumi hivi tangu kutagwa nzi kamili huruka. Ndani ya saa mbili za mwanzo mna jambo la ajabu. Kiini cha yai hugawanyika mara 13 bila seli zenyewe kugawanyika, hata kiinitete huwa ni mfuko mmoja wenye maelfu ya viini vinavyoelea katika uteuteu mmoja. Baadaye ndipo utando unaposhuka kati ya kiini na kiini, zikapatikana seli 6,000 hivi. Viini hivyo vyote vina jeni zilezile. Hakuna hata kimoja chenye jeni za kichwa peke yake, wala kimoja chenye jeni za mkia. Basi kiini kilichoko mbele hujuaje kuwa kiko mbele? Na cha tumboni hujuaje kuwa si cha mgongoni?

Swali hili liliulizwa kwa karne nzima bila jibu la kuridhisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus waliamua kulijibu kwa njia ambayo wengi waliiona ni kazi ya kuchosha tu. Waliwapa nzi kemikali inayoharibu jeni, wakazalisha koo kwa maelfu, na kila ukoo walichunguza mabuu yaliyokufa kabla ya kutoka yaini, mmoja upande huu wa hadubini na mwingine upande ule, wakitazama picha moja. Hawakutafuta tiba ya ugonjwa wowote. Walitaka kujua ni jeni zipi zikiharibika, mpango wa mwili huharibika pia, na huharibika vipi. Taarifa yao ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1980, ilitaja jeni 15 zinazogawa mwili wa buu katika pingili. Mwaka 1995 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis wa Marekani, mzee aliyekuwa amewachunguza nzi tangu ujana wake.

Jeni nyingi zilizopatikana katika kazi hiyo, na katika kazi zilizoifuata huko Tübingen na kwingineko, zilidhihirika kuwa ni jeni za vipokezi, au za protini zinazovitumikia vipokezi. Kipokezi ni protini iliyochomekwa katika utando wa seli, sehemu yake moja nje na nyingine ndani. Vitabu hupenda kukifananisha na kufuli na ufunguo. Mimi mfano huo siupendi, kwa kuwa ufunguo hufungua mlango na mtu akapita. Hapa hapiti mtu. Afadhali tufikirie nyumba yenye bawabu. Mgeni hufika kizingitini, hubisha hodi, hutoa salamu zake na hubaki palepale nje. Bawabu ndiye anayegeuka na kupeleka habari ndani, kwa mtu wa kwanza, naye kwa wa pili, hadi habari imfikie mwenye nyumba, yaani kiini, ambako jeni fulani huwashwa na nyingine huzimwa. Ni habari inayoingia, mgeni haingii.

Tuangalie kipokezi kiitwacho Torso. Kiinitete kisicho na Torso huota sehemu za katikati vizuri, lakini ncha zake zote mbili hukosekana: ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa. Mwanafunzi tuliyemfundisha kwa mbaazi atajibu upesi kwamba Torso ni jeni ya ncha, na kwa hiyo bila shaka protini yake iko kwenye ncha. Jeni hiyo ilipochambuliwa mwaka 1989, ilionekana kuwa protini yake imeenea sawasawa katika utando wote wa kiinitete, kutoka ncha hadi ncha. Bawabu wako kila mlango. Kinachopatikana kwenye ncha tu ni hodi yenyewe, kwa maana seli chache za mama zilizolizunguka yai kwenye ncha zake huacha pale protini inayomwezesha mjumbe kufanya kazi. Sifa ya kuwa ncha, basi, haimo ndani ya jeni ya Torso. Imo katika uhusiano kati ya anayebisha na anayesikia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa kipokezi kingine, Toll. Jina hilo ni neno la Kijerumani la mshangao, kama sisi tusemavyo "ajabu!", nalo linastahili. Kiinitete kisicho na Toll huwa mgongo mtupu: hakina tumbo, kila upande ni mgongo, nacho hufa. Kathryn Anderson na wenzake huko Tübingen walichukua uteuteu kidogo kutoka viinitete vizima, wakaudunga katika viinitete visivyo na Toll. Viinitete hivyo vilipata tumbo. Lakini, na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasome polepole, tumbo halikutokea mahali pake pa kawaida. Lilitokea popote pale sindano ilipochoma. Ukidunga upande wa mgongo, mgongo ule hugeuka tumbo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1985.

Maelezo yake yalipatikana baadaye. Mjumbe wa Toll, aitwaye Spätzle kwa jina la chakula cha unga cha Kijerumani, huandaliwa katika majimaji yaliyoko kati ya kiinitete na ganda, upande wa tumbo tu. Kwa kawaida hunaswa papo hapo na vipokezi vya upande ule, hata hapati nafasi ya kusambaa. Asipokuwako bawabu hata mmoja, mjumbe huzurura na kulizunguka yai lote, na mlango wa kwanza kupewa bawabu ndio utakaopokea salamu zote. Kazi ya kipokezi, kwa hiyo, ni mbili: kusikia, na pia kumzuia mjumbe asipite kwenda kwa jirani. Ndani ya seli, habari hupokezanwa hadi kwa protini iitwayo Dorsal, ambayo hukaa imefungwa na mlinzi wake, Cactus. Hodi ikisikika, Cactus huharibiwa na Dorsal huingia kiinini. Katika viini vya tumboni huingia kwa wingi, ubavuni kidogo, mgongoni haingii kabisa. Na kwa kipimo hicho kila kiini hupata kujua mahali pake.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha sita. Niliwapa swali ambalo sasa nalitoa pia kwa wasomaji wa jarida hili. Chukua nzi jike mwenye nakala mbili mbovu za Torso, umpandishe na dume mzima kabisa. Watoto watakuwaje? Wote waliandika haraka: kila mtoto atakuwa na nakala moja nzima na moja mbovu, ubovu ni dhaifu mbele ya uzima, kwa hiyo wote watakuwa wazima. Hesabu yao haikuwa na kasoro. Lakini watoto wote hufa yaini. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akasimama akauliza, kwa sauti yenye hasira kidogo, "Sasa ile jeni nzima ya baba ilikwenda wapi?"

Haikwenda popote. Ilichelewa. Katika nzi, protini na maagizo yanayohitajiwa kwa saa za mwanzo huwekwa yaini na mama kabla baba hajahusika. Jeni za kiinitete chenyewe huanza kazi kwa nguvu baada ya saa mbili au zaidi, wakati mwili umekwisha kugawiwa mbele na nyuma, mgongo na tumbo. Mpandishe jike mwenye nakala moja mbovu na dume wa namna hiyohiyo, nawe utaona kinyume chake: robo ya watoto watakuwa na nakala zote mbili mbovu, nao wataishi, watakua, wataruka na hata kutaga. Majike wa robo hiyo ndio watakaotaga mayai yasiyoanguliwa. Uwiano wa Mendel umo, haukuvunjika, ila hudhihirika kizazi kimoja baadaye. Swali la namna hii sijapata kuliona katika mtihani wetu wa taifa, nami natamani kuliona, kwa kuwa haliwezi kujibiwa na mtu aliyekariri tu.

Hapa naomba walimu wawe na hadhari. Wako wanafunzi watakaotoka na jambo hili wakiliweka mahali pasipo pake, waseme kwamba mtoto akizaliwa na kasoro kosa ni la mama. Katika jamii zetu lawama hiyo wanawake wanaijua vya kutosha. Yai la binadamu halifanyi kazi kama la nzi. Jeni za kiinitete cha binadamu, za baba na za mama, huanza kazi mapema sana, seli zikiwa 4 hadi 8 tu, na kichwa na miguu hupangwa siku nyingi baadaye. Mwalimu na aseme hivyo waziwazi, asingoje kuulizwa.

Nirudi kwa Toll, kwa kuwa habari yake haikuishia yaini. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba nzi mzima asiye na Toll hawezi kujikinga na kuvu. Walichapisha picha ya nzi aliyekufa, mwili wote umeota nyuzi za kuvu kama ukuta wa nyumba iliyohamwa. Kipokezi kilekile kilichochagua tumbo la kiinitete ndicho kinachomlinda nzi mkubwa na maradhi. Mwaka uliofuata Ruslan Medzhitov na Charles Janeway, huko Marekani, waliitambua protini ya namna hiyo katika seli za binadamu, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likaonyesha kuwa mmoja wa ndugu hao ndiye anayemwezesha panya kutambua sumu ya bakteria fulani. Hoffmann na Beutler walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Torso naye ana kazi ya pili: mwaka 2009 ilifahamika kuwa hupokea homoni inayomwambia buu kwamba wakati wa kuwa pupa umefika. Iko wapi sasa "jeni ya ncha"? Iko wapi "jeni ya tumbo"?

Mbu wetu aenezaye malaria, Anopheles gambiae, ana mfumo huohuo. Mwaka 2006 watafiti waliiondoa Cactus katika mbu hao, kinga yao ikapanda kabla hawajanyonya damu, na vimelea vya malaria ya panya walivyopewa vikashindwa kukua ndani yao. Jaribio hilo halijawa dawa ya malaria. Lakini aliyelifanya alihitaji kujua Cactus ni nini, na Cactus aligunduliwa na watu waliokuwa wakichunguza migongo na matumbo ya mabuu.

Najua kwamba kwa kuitaja malaria nimefanya lile nisilopenda kulifanya. Wakati fulani niliomba fedha kidogo sana kwa ajili ya chumba cha kufugia nzi: chupa, pamba, unga wa mahindi, sukari guru, hamira, na kabati la kutunzia joto. Kamati iliyonisikiliza iliniuliza nzi hawa watamlisha nani. Nilijibu kwa kutaja malaria, nao wakaniambia nirudi nitakapokuwa na mradi wa malaria. Niliondoka nikijilaumu mwenyewe kuliko nilivyowalaumu wao. Jibu la kweli lingekuwa kwamba mwaka 1980 hakuna mtu duniani, hata hao waliopata tuzo, aliyejua kwamba njia ya kufikia kinga ya binadamu inapita katika tumbo la buu. Nchi inayotaka kulipia tu utafiti ambao faida yake imekwisha kujulikana itakuwa siku zote inanunua maarifa yaliyotumiwa kwanza na wengine, kama mtu anunuaye mitumba. Mitumba husitiri mwili, sikatai. Ila mshonaji yuko mbali.

Kwa shule, hata hivyo, hatuhitaji kamati. Mwalimu na achukue chupa ya jamu, atie kipande cha ndizi iliyoiva mno, aiache wazi kivulini mchana mmoja, kisha aifunike kwa kitambaa chepesi nzi wakishaingia. Kesho yake achukue lenzi ya mkono ikuzayo mara kumi, autazame uso wa ndizi. Ataona mayai meupe, membamba, na karibu na ncha ya mbele ya kila yai vijipembe viwili vimesimama, vya kulisaidia yai kupumua likizama katika majimaji.

Vijipembe hivyo huota upande wa mgongo tu. Yai likiwa bado tumboni mwa mama, kiini chake husogea upande mmoja, na kutoka hapo yai hutoa protini iitwayo Gurken. Seli za mama zilizo karibu huisikia kwa kipokezi kiitwacho Torpedo. Zenye kusikia hujenga pembe, na za upande wa pili, zisizosikia kitu, huandaa ile alama ambayo baadaye itamwamsha mjumbe wa Toll upande wa tumbo. Mama asiye na Gurken hutaga mayai yasiyo na pembe. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule isiyo na umeme wala hadubini anaweza kuona kwa jicho lake matokeo ya hodi iliyobishwa kabla yai halijatagwa. Wanafunzi wanaponiuliza waanzie wapi, huwaambia wahesabu pembe kwenye mayai hamsini, waandike idadi, kisha waje tuzungumze.